Kofia ya Shaban na Maji ya Kuku

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Sikuzani alikuwa na kazi moja ya siri. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye bafu la uzio wa nyasi. Huko aliinama, akaangalia sisimizi.

Wenzake kijijini Nkowe waliamka kuangalia korosho zilizodondoka. Yeye aliangalia sisimizi, na alikuwa na sababu.

Miaka mitatu nyuma, mumewe Shaban alianza kunywa maji kama mtu aliyemeza kaa la moto. Alikojoa mara kwa mara, na kila alipokojoa sisimizi walijaa. Shaban ni mtu wa maneno. Aliwasimulia watu kwamba sisimizi wale walikuwa wanatoka mto Mbwemkuru kwa miguu, na wengine walikuja na watoto mgongoni. Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Jirani yao Scholastika hakucheka. Alikuwa muuguzi wa zahanati kwa miaka mingi, na sasa amestaafu. Alimwambia Shaban aende akapime. Shaban akaenda hospitali Ruangwa, akaambiwa ana kisukari. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, daftari la kliniki na tarehe ya kurudi. Baada ya wiki chache sisimizi wakaondoka. Nyumba ikatulia.

Ikatulia hivyo mpaka msimu huu wa korosho, siku simu ilipoita kutoka Nachingwea.

Aliyepiga alikuwa Abdulatifu, mdogo wake Shaban. Huyu naye kwa maneno hajambo. Alisimulia habari ya mtu mmoja wa hukohuko Nachingwea, mwenye kisukari kikali. Eti jasho lake lilikuwa tamu hata nyuki walimfuata shambani. Mtu huyo akanywa alovera mwezi mmoja tu. Alipokwenda kupima, mashine ikatafuta sukari mwilini mwake, ikachoka, ikazimika. Vidonge akavitupa chooni.

Sikuzani alikuwa anachambua mchele huku anasikiliza. Akauliza mtu huyo anaitwa nani. Jina Abdulatifu hakulijua. Akauliza anakaa kijiji gani. Hicho nacho hakukijua. Lakini Shaban alishasimama, anaangalia banda la kuku.

Alovera ni ule mshubiri wenye majani manene na miiba pembeni. Kwao ulikuwa umeota mlangoni mwa banda. Kila mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku, ulipoingia kijijini, Shaban alikata majani yake, akayaloweka mazima na maganda yake, akawapa kuku maji yale wanywe.

"Mama Hajra," alimwambia mkewe, "dawa tunayo uani. Tunawapa kuku, na sisi wenyewe tunaiangalia tu."

"Na vidonge?"

"Vidonge vitapumzika. Miaka mitatu vimefanya kazi bila likizo."

Kisha akamtaka aahidi jambo moja. Habari hizi zisifike kwa Scholastika. Scholastika alikuwa mtani wake. Shaban ni Mmwera, Scholastika ni Mmakonde, na watu wao wametaniana tangu enzi za mababu. Mtani anaruhusiwa kukusema mbele za watu, kukucheka, hata kukunyang'anya kitu chako, nawe huruhusiwi kukasirika. Shaban alisema akijua yule Mmakonde, kijiji kizima kitaimba.

Sikuzani akaahidi. Moyo wake haukupenda, lakini akaahidi.

Shaban alitengeneza dawa kwa njia aliyoijua, yaani ile ya kuku. Alikata majani matatu, akayatwanga na maganda yake, na ule utomvu wa njano unaotoka yanapokatwa. Akatia kwenye ndoo ya maji. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Maji yale yalikuwa machungu hata uso wake ulijikunja kama nguo inayokamuliwa. Jogoo aliyekuwa karibu alimwona, akaondoka zake.

Shaban alifurahi. Kwa hesabu yake, uchungu ule ulikuwa unaingia kwenye damu kupigana na utamu. Kwa hiyo, akishakunywa kikombe, aliona ana ruhusa. Ulikuwa msimu wa mabibo, na chini ya kila mkorosho yalikuwa yamelala mekundu na ya njano. Aliyafyonza matano, sita, kumi. Alirudisha na sukari kwenye chai.

"Uchungu uko mlangoni," alisema. "Utamu hauwezi kupita."

Siku ya pili akaanza kuharisha. Alikwenda chooni mara sita. Sikuzani akaogopa, Shaban akamtuliza. Alimwambia hiyo ndiyo sukari yenyewe, inatoka.

Sikuzani alitaka sana kuamini. Ukitaka sana kuamini jambo, unaliona. Alimwona mumewe amepungua tumbo, akasema labda ni uzima. Alimwona anakunywa maji jagi zima, akasema labda ni jua la shambani.

Siku ya sita, asubuhi, alikwenda bafuni, akainama.

Sisimizi walikuwa wamerudi.

Ulikuwa mstari mmoja, mwembamba kama uzi. Sikuzani alisimama pale akiutazama. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye alilionea aibu. Alichukua ufagio, akawafagia. Akamwaga maji, akamwaga na majivu, akasawazisha mchanga. Shaban alipoingia kuoga hakuona kitu.

Kesho yake ilikuwa mistari miwili. Akafagia. Keshokutwa mistari haikuhesabika tena. Akafagia. Alifagia kama vile ugonjwa ulikuwa hapo chini kwenye mchanga, na si ndani ya mwili wa mtu.

Siku moja alikutana na Scholastika bombani. Scholastika aliuliza mtani wake yuko wapi, mbona siku hizi hasikii uongo wake. Sikuzani akajibu kwamba yuko na korosho. Ndoo ilijaa, ikamwagika, naye bado ameishika. Scholastika alimtazama usoni kidogo, akafunga bomba.

Siku ya kumi aliona damu kwenye kandambili ya mumewe. Chini ya mguu kulikuwa na kijiti kimezama, hakishikiki, na pembeni yake kumevimba. Alimuuliza kama anaumwa. Shaban aliangalia mguu wake kama mguu wa jirani. Hakuwa na habari.

Siku hiyo Sikuzani hakula.

Siku ya kumi na mbili, jua limeshatoka, Shaban hakuamka. Sikuzani aliingia chumbani. Midomo ya mumewe ilikuwa mikavu, imepasuka. Alikuwa anahema haraka na kwa nguvu, kama mtu aliyepanda mlima, na amelala kitandani. Pumzi yake ilinukia mabibo yaliyochacha. Wazo la kwanza la Sikuzani lilikuwa kwamba mumewe amekunywa uraka, ile pombe ya mabibo. Lakini Shaban hajawahi kugusa pombe maisha yake yote.

Hapo ahadi ikamtoka moyoni. Hakuvaa hata viatu.

Scholastika alikuja na mkoba wake. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari mwaka wa nane huu, na alikuwa na mashine ndogo ya kupima. Alimchoma Shaban kidole, akaweka tone la damu, wakasubiri. Sikuzani aliona namba ikitokea: ishirini na saba.

"Mtu anayeumwa kisukari akiamka asubuhi," Scholastika alisema taratibu, "tunataka tuone nne mpaka saba."

Akanusa pumzi ya mgonjwa, akasema hiyo si pombe, ni kisukari kimepanda mno. Akaangalia ndoo ya majani iliyokuwa kando ya kitanda. Akauliza vidonge viko wapi. Sikuzani alivitoa nyuma ya sanduku, pakiti nzima haijaguswa. Scholastika hakugomba. Alitoa simu, akampigia dereva wa bodaboda aje mara moja. Akamwambia Sikuzani afunge kwenye kanga vitu vitatu: daftari la kliniki, vidonge, na jani moja la mshubiri. Daktari lazima aone kila kitu alichomeza mgonjwa.

Lakini Shaban alishika mti wa kitanda kwa mikono miwili.

Alisema haendi. Alisema kwa shida, maneno yanavutana. Dawa iko kazini. Leo ni siku ya kumi na mbili tu, na yule mtu wa Nachingwea alitumia mwezi mzima. Akienda hospitali sasa ataikatiza dawa njiani.

Sikuzani alimbembeleza. Hakusikia. Nje bodaboda ilikuwa bado haijafika, na kila pumzi ya Shaban ilikuwa nzito kuliko ya kwanza.

Scholastika alitazama ukutani. Kwenye msumari ilikuwa inaning'inia kofia ya Shaban, ile ya mapambo ya kijani aliyoipenda kuliko mashamba yake. Akaitungua, akaivaa. Akachukua na koti lake. Kisha akatembea chumbani kifua mbele, mkono mmoja mgongoni, kama Shaban anavyotembea akitoka msikitini siku ya Ijumaa.

Sikuzani alielewa. Huko kwao mtu akifa, watani ndio wanaokuja kufanya hivyo. Wanavaa nguo za marehemu, wanaiga mwendo wake, wanachukua vitu vyake, na waliofiwa wanacheka huku wanalia.

"Mtani," Scholastika alisema, "nimeona nianze mapema, magoti yangu siku hizi hayataki shughuli ndefu. Kofia hii nimechukua. Koti nalo nimechukua. Sasa nipe maneno. Watu wakijaa hapo nje wakaniuliza umekufa na nini, niseme nini? Niseme amekufa kwa maji ya kuku?"

Shaban alifungua macho.

"Na kuku wenyewe," Scholastika akaendelea, "kila mwaka unawapa maji hayo, na kila mwaka mdondo unawamaliza. Waliobaki ni wale niliowadondoshea chanjo machoni mimi."

Midomo mikavu ya Shaban ikajaribu kucheka. Mtani hakasirikiwi. Akageuza shingo amtazame mkewe, wacheke wote kama zamani.

Sikuzani hakuwa anacheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Baba Hajra," alisema, "sisimizi wamerudi. Leo siku ya saba. Nilikuwa nawafagia usiwaone."

Kisha vidole vya Shaban, kimoja kimoja, vikaachia mti wa kitanda.

Bodaboda ilipofika walimkalisha katikati, Sikuzani nyuma yake, amemkumbatia, wamefungwa pamoja kwa kanga nyingine. Njia nzima ya kwenda Ruangwa alisikiliza mgongo wa mumewe ukipanda na kushuka. Kila walipopita shimo aliogopa kwamba hautapanda tena.

Hospitalini walimtundikia maji, wakamchoma sindano za kushusha sukari, wakampima kila saa. Waliusafisha mguu, wakatoa kijiti kirefu kama nusu ya kidole. Sikuzani aliketi kwenye benchi na ile kanga mapajani. Alikuwa anasali, anasahau alipofika, anaanza upya. Siku ya kwanza Shaban hakuongea. Siku ya pili jioni aliomba uji. Siku ya tatu alimuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili kama amewahi kuona nyuki wanaomfuata mtu shambani. Hapo Sikuzani akajua mumewe amerudi.

Siku hiyo daktari, mama mmoja mpole aitwaye Domitila, alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliomba lile jani. Sikuzani akalifungua kwa aibu, akitegemea litatupwa kwenye ndoo ya taka. Daktari hakulitupa. Aliomba kisu.

Alikata jani katikati. Utomvu wa njano ukatoka chini ya ganda.

"Huu ndio uliokuharisha," alimwambia Shaban. "Si sukari iliyokuwa inatoka. Ni maji ya mwili wako na chumvi zake. Ukiunywa siku nyingi unaweza kuumiza figo, na mtu wa kisukari figo zake anazihitaji sana."

Kisha akabandua ganda, akaonyesha ute mweupe, unaong'aa kama yai bichi. Alieleza kwamba wataalamu wamewahi kuujaribu ute huo kwa watu wenye kisukari. Kwa baadhi yao sukari ilishuka kidogo. Lakini watu waliojaribiwa walikuwa wachache, na kipimo kinachofaa bado hakijulikani vizuri. Hakuna aliyeonyesha kwamba mshubiri unaweza kukaa mahali pa vidonge.

Shaban aliuliza kuhusu uchungu. Yeye alidhani uchungu unakula utamu.

"Chungu na tamu vinajulikana ulimini," daktari alijibu. "Ukishameza, damu haijui. Mabibo kumi ni sukari, hata ukinywa ndoo nzima ya uchungu baadaye."

Hapo Sikuzani akapata nguvu ya kuuliza. Je, mumewe angekunywa vidonge pamoja na mshubiri, ingekuwa salama?

Daktari alimwambia swali hilo ni la maana kuliko yote. Vidonge vinashusha sukari. Mshubiri nao unaweza kuishusha. Vikikutana bila mtu kupima, sukari inaweza kushuka mno. Mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, anasikia njaa kali, anachanganyikiwa, hata kuzimia. Dalili hizo zikionekana na mgonjwa bado anaweza kumeza, apewe haraka maji yenye sukari, kisha apelekwe kwenye huduma. Akizimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

"Sikukatazi kuuliza juu ya mitishamba," daktari alimalizia. "Ninachokataza ni kunificha. Ukitaka kutumia, njoo tuongee kwanza. Kwa sasa hapana, mpaka figo zako zipimwe na sukari itulie."

"Na yule mtu wa Nachingwea?" Shaban akauliza.

"Mleteni. Na mimi natamani kumwona."

Abdulatifu alikuja kumwona kaka yake siku ya nne. Alikuwa amemtafuta mtu yule Nachingwea nzima. Kinyozi aliyemsimulia alisema alisimuliwa na fundi baiskeli. Fundi baiskeli alisema alisimuliwa na Abdulatifu. Abdulatifu alikaa chini, akaangalia vidole vyake vya miguu. Shaban, mzee wa uongo wa kijiji kizima, alivuta shuka akajifunika uso.

Waliporudi Nkowe, Scholastika alikuwa uani kwake anachota maji, kofia ya kijani kichwani. Shaban akaidai. Scholastika akasema kofia ya marehemu hairudi hivihivi. Ataitoa siku mashine itakapoonyesha asubuhi chini ya nane, tena kliniki mbili mfululizo.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Shaban alimeza vidonge vyake kila siku pamoja na chakula, kama alivyoandikiwa. Sukari ilitoka kwenye chai. Sahani ya ugali ikapungua, ya mboga ikaongezeka, na bibo likawa moja, mara mojamoja. Kila jioni Sikuzani alimwosha miguu, akaikausha, akaangalia kati ya vidole na chini ya unyayo, maana mguu ule usingesema wenyewe ukiumia. Shaban alivaa viatu hata kwenda bandani.

Kliniki ya kwanza mashine ilisema tisa na nusu. Scholastika alivaa kofia ile mpaka mnadani, akawaambia watu ameirithi. Shaban aliona kijiji kizima kinaangalia kichwa kile. Hajawahi kufuata masharti ya daktari kwa hasira kama mwezi ule.

Kliniki ya pili ilikuwa saba na nusu. Ya tatu, saba nukta mbili. Figo nazo zilipimwa zikaonekana ziko sawa.

Siku hiyo Shaban alimuuliza daktari, mbele ya mkewe, kama sasa anaweza kujaribu ule ute. Daktari alifikiri. Akasema ajaribu kijiko kimoja kwa siku, si zaidi, na hiyo ni ruhusa yake yeye aliyepimwa, si ya kila mtu. Jani lisimamishwe kwanza mpaka utomvu wa njano utiririke wote, ganda litolewe, ute uoshwe vizuri. Vidonge viendelee vilevile. Apimwe kila asubuhi, namba iandikwe daftarini. Akiharisha au akitetemeka, aache na aje.

Basi wakafanya hivyo. Sikuzani ndiye aliyeosha ute. Scholastika alipima kila asubuhi, bila kuacha masimango yake. Namba zilikaa palepale, sita na kitu, saba na kitu. Shaban alisema ni mshubiri unafanya kazi. Scholastika alisema ni vidonge, na ugali uliopungua, na hofu ya kupoteza kofia. Daftari halikuchagua upande.

Kofia ilirudi Ijumaa ya kwanza baada ya kliniki ya tatu. Scholastika alikuwa ameihifadhi kwenye kapu la samaki wakavu, kwa makusudi kabisa. Shaban aliivaa hivyohivyo, akaenda msikitini kifua mbele, mkono mmoja mgongoni, na paka wawili nyuma yake. Aliporudi paka walikuwa kumi na saba. Hiyo ni hesabu yake mwenyewe.

Sikuzani aliwasikia watu wakicheka njiani. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba. Asubuhi ile alikuwa amechelewa kwenda bafuni, na hofu yake ilikuwa palepale kama kawaida. Aliinama. Mstari wa sisimizi ulikuwa unapita, mwembamba kama uzi, nao umebeba mguu wa panzi. Alibana pumzi.

Sisimizi walipita bila kusimama pale Shaban alipokojoa, wakatokea chini ya uzio, wakaenda zao. Sikuzani aliwasindikiza kwa macho mpaka wa mwisho akapotea kwenye nyasi. Ufagio ulikuwa umeegemea ukutani. Aliuacha hapohapo, akaenda kuwasha moto.